Mikono ya Kumpaka Lucia Siagi

Wageni wa Katesh walipoondoka, tarehe ilikuwa imeshapangwa. Jumamosi ya mwisho ya Agosti wangerudi na magari mawili kumchukua Lucia, wampeleke kanisani, na kutoka hapo aende kwa mume wake Joakimu, fundi seremala wa Katesh, kijana mpole ambaye ukimwuliza neno moja anakujibu nusu. Gaudensia, mama wa Lucia, alikuwa anakusanya vikombe huku anaimba kwa sauti ya chini. Mume wake Bura alibaki palepale kwenye kigoda, mikono ameibana chini ya makwapa, anahesabu wiki kimoyomoyo. Zilikuwa saba.

Katika ukoo wa Bura kuna jambo moja ambalo baba halikwepi. Siku binti anapotoka nyumbani kwenda kuolewa, baba yake humpaka siagi kichwani, kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, kwa kiganja cha mkono wa kulia. Lakini kabla hajaigusa siagi hiyo, hunawishwa mbele ya watu wote, kisha anainua mikono yake juu na kuigeuza, mbele na nyuma, ili watu wa upande wa mume waone kwamba hakuna alichoshika wala alichoficha. Baba akiwa amekufa, ndugu yake hushika nafasi. Baba aliye hai na mwenye nguvu zake akikaa pembeni huku mtu mwingine anapaka, watu wanasema amemnyima binti baraka, na maneno hayo humfuata binti mpaka jikoni kwa mama mkwe.

Na shida ya Bura ilikuwa ni mikono.

Ilianza kwenye viwiko, miaka tisa nyuma. Mabaka mekundu yenye magamba meupe, ambayo ukiyakuna yanadondoka kama unga kwenye ungo. Yakaenda kwenye magoti. Baadaye yakashuka viganjani, na hapo ndipo Bura alipojua kwamba yale ya viwiko yalikuwa salamu tu. Ngozi ya viganja ikawa nene na ngumu, ikapasuka kwenye mikunjo yote. Kwa mkulima wa vitunguu swaumu wa kijiji cha Bashay hilo si jambo dogo, maana maji ya kitunguu swaumu yakiingia kwenye ufa wa kiganja, mtu mzima anatoa machozi mbele ya watoto wake. Msimu wa kusafisha vitunguu ulipofika, Bura alikuwa anajipa kazi ya kwenda kuangalia kondoo.

Alishajaribu mizizi iliyochemshwa, majivu, mafuta ya taa, na dawa ya fangasi aliyouziwa mnadani na mtu mwenye kipaza sauti. Mafuta ya taa ndiyo aliyajutia zaidi. Kwenye pombe alianza kwenda na kikombe chake cha plastiki, asishike kibuyu kinachozunguka, na wenzake wakasema Bura amepata maringo. Hakuwajibu. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu utoto, na ugonjwa ulimpunguzia hata hayo machache.

Siku tatu baada ya wageni kuondoka, kaka yake Tluway alifika. Tluway alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minne, mwenye sauti ya kusikika mabonde mawili, na alipenda mambo yaishe upesi.

"Shikamoo kaka," alisema Bura.

"Marahaba. Nimekuja kwa neno moja, halafu nakwenda zangu. Siagi nitapaka mimi."

Gaudensia, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, aliinua macho.

"Na huyu baba yake je? Amekufa?"

"Shemeji, mimi sikusema amekufa. Nimesema nitapaka mimi. Wale watu wa Katesh hawatujui. Huyu akiinua viganja vile, watafikiri nini? Watasema wamepewa binti wa nyumba ya ukoma."

"Si ukoma," alisema Bura.

"Mimi najua si ukoma. Nimekula na wewe sahani moja tangu hatujaota meno, ningekuwa nimeshaugua. Lakini utamwambia nani, wewe ambaye hata kuita kondoo unanong'ona?"

Gaudensia alicheka, akajizuia. Bura naye alitabasamu kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Tluway alikunywa maziwa yake, akaondoka, na neno lake likabaki pale uani kama mzigo ambao mwenyewe amesema atarudi kuuchukua.

Gaudensia ndiye aliyesikia kwamba kuna daktari wa ngozi anayefika hospitalini Mbulu mara moja kwa wiki, kila Alhamisi. Hakumwambia mume wake twende. Alimwambia nauli ameshaiweka, shati limepigwa pasi, na pikipiki imeshaagizwa ije saa kumi na mbili asubuhi. Bura hakuwa na pa kukimbilia.

Alimkuta daktari mwenyewe ni mwanamke, tena mdogo, labda miaka thelathini na kitu, amejifunga mtandio wa rangi ya udongo. Aliitwa Daktari Sikuzani. Alimpa Bura shikamoo kabla Bura hajafikia kiti, na Bura akaitikia akiwa anaangalia sakafu.

"Kuna nini baba?"

"Mikono," alisema Bura, lakini hakuitoa mifukoni.

Daktari alisubiri. Hakusema "nionyeshe." Aliweka mikono yake mwenyewe mezani, viganja juu, kama mtu anayengoja kupokea kitu. Bura akatoa mkono wa kulia, akauweka juu ya ile mikono midogo, na daktari akaushika. Hakuvaa glovu. Aliukunja, akaukunjua, akapitisha kidole gumba chake kwenye zile nyufa, akausogeza karibu na dirisha kwenye mwanga. Bura hakukumbuka mara ya mwisho mtu asiyekuwa mke wake kuushika mkono ule namna hiyo.

"Huogopi kuambukizwa?" aliuliza.

"Huu hauambukizi, baba. Hata ukilala kitanda kimoja na mtu miaka hamsini."

"Ishirini na sita," alisema Gaudensia kutoka kwenye benchi la nyuma.

"Basi shahidi huyo hapo," alisema daktari.

Akamweleza kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi. Ngozi ya mtu mwingine, alisema, inazaliwa, inakua na kudondoka kwa muda wa kama mwezi mzima. Ya Bura ina haraka, inamaliza safari hiyo kwa siku nne au tano, ndiyo maana inarundikana, inakauka na kupasuka. Si uchafu, si laana, wala hakuna aliyemtupia. Hakuna dawa ya kuumaliza moja kwa moja, lakini ipo dawa ya kuutuliza, na ukitulia mtu anaishi vizuri. Akatoa tyubu mbili za dawa ya kupaka. Akamwonyesha kwenye kidole cha Gaudensia kiasi cha kukamua: kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha viganja viwili. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, nyembamba tu. Asipake usoni. Katikati ya siku apake mafuta mazito ya kawaida ili ngozi isikauke, na aachane na sabuni ya kipande ya kufulia. Arudi baada ya wiki tatu.

"Una jambo lingine baba?"

Bura alikuwa nalo. Alikuwa anataka kuuliza kama mikono itakuwa tayari kwa siagi. Lakini nje kulikuwa na watu wengi kwenye foleni, na jambo lenyewe lilihitaji maelezo marefu, kwa hiyo akasema hana.

Kosa alilolifanya Bura kesho yake lilikuwa kosa la mfugaji.

Alikaa nje, akazipanga zile tyubu mbili kwenye jiwe, akazitazama. Zilikuwa ndogo, kila moja urefu wa kidole. Ugonjwa ulikuwa wa miaka tisa. Tena haukuwa wa viganja peke yake, kulikuwa na viwiko na magoti. Bura hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini dawa alizijua. Tangu ana miaka kumi alikuwa anaogesha kondoo, na dawa ya kuogeshea kondoo ni kali kweli: kifuniko kimoja unakitia kwenye ndoo nzima ya maji, unakoroga, na kondoo saba wanapona kupe na upele. Anayemwagia kondoo dawa bila kuichanganya ni mtu asiyejua kazi. Basi dawa ya hospitali, iliyo kali kiasi kwamba usoni haipakwi, itakuwaje ipakwe hivihivi?

Na mafuta mazito si ameambiwa apake?

Akachukua mafuta ya mkia wa kondoo, akayayeyusha jikoni kwenye kopo la maziwa ya unga mpaka likakaribia kujaa. Akazikamua zile tyubu zote mbili humo, akizikunja kutoka chini kama mtu anayekunja mkeka, lisibaki hata tone. Akakoroga kwa kijiti. Yalipoganda yalikuwa meupe, mazuri, yanateleza. Bura alijipaka viganja, viwiko, magoti, na kilichobaki mkononi akajipaka miguuni. Akafurahi kabisa. Kopo zima la dawa, la kutosha miezi.

"Unanuka mchuzi," Gaudensia alimwambia.

"Ni dawa."

"Sikusema si dawa. Nimesema unanuka mchuzi."

Wiki ya kwanza ngozi ililainika, na Bura akawa na matumaini. Wiki ya pili ilikuwa laini vilevile, lakini nyufa zilikuwa palepale na magamba yalikuwa palepale, sasa yanang'aa tu. Wiki ya tatu alishika jembe, na kiganja cha kulia kikapasuka upya kutoka chini ya kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo. Alikaa kwenye tuta akautazama ule ufa. Hakukasirika. Alihisi kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa, halafu taa ikazimwa.

Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa Tluway, akamwambia kwamba siagi apake yeye.

Tluway, ambaye kwa kawaida angekuwa na la kusema, alimsogezea mdogo wake kigoda. "Sawa," alisema. "Nitapaka. Ila mimi sikuja kwako kwa ubaya, unasikia? Nilitaka kuzuia aibu."

"Najua kaka."

Lucia aliipata habari hiyo kesho yake akiwa anakamua ng'ombe. Alikuja na ndoo ya maziwa, akaiweka chini mbele ya baba yake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Baba, nasikia nitapakwa na baba mkubwa."

Bura alitingisha kichwa kukubali.

"Baba mkubwa nampenda. Lakini sikuzaliwa kwake."

"Angalia mkono huu, mama," alisema Bura, na kwa mara ya kwanza akamwonyesha binti yake bila kuombwa. "Nitauinuaje mbele ya wakwe zako? Watakutazama wewe, si mimi. Watasema na wewe unao ndani ya damu."

"Nikiwa nao ndani ya damu, Joakimu anajua. Nilimwambia mwaka jana. Akaniuliza kama inauma, basi." Akainama, akashika mpini wa ndoo. "Kama si mkono wako, baba, nitatoka na kichwa kikavu. Nimeshasema." Akabeba ndoo yake akaenda zake.

Bura aliutazama mgongo wa binti yake mpaka akaingia ndani. Binti wa ukoo ule kutoka nyumbani na kichwa kikavu lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulisikia, na alimjua Lucia. Alikuwa mwenye maneno machache kama yeye, na watu wa namna hiyo wakisema wamesema. Zilibaki siku ishirini na tatu.

Alhamisi iliyofuata alikwenda Mbulu peke yake. Kadi ilikuwa imemtaka arudi, lakini alikuwa ameshajiambia kwamba dawa ikishindwa hakuna haja ya kwenda kumwaibisha daktari. Sasa alikwenda kwa sababu hakuwa na kwingine. Ndani ya koti la baridi alikuwa amebeba lile kopo.

Daktari Sikuzani aliushika mkono, akaugeuza, akakunja uso.

"Umepaka kila siku baba?"

"Kila siku. Mara tatu siku nyingine."

"Ajabu. Hebu nione tyubu zimebaki kiasi gani."

Bura akafungua koti, akatoa kopo, akaliweka mezani, akafungua mfuniko. Harufu ya mkia wa kondoo ikajaa chumba kizima.

Daktari alilitazama kopo. Akamtazama Bura. Akalitazama tena kopo.

"Hii ni nini?"

"Dawa yako."

"Dawa yangu haikuwa na harufu, baba."

Bura akaeleza. Alianza kwa aibu, lakini alipofika kwenye kifuniko na ndoo na kondoo saba sauti ilipata nguvu, maana hapo alikuwa anaongea kazi anayoijua. Daktari alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akageuzia uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika, akashika meza.

"Samahani baba. Samahani sana." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikucheki wewe. Najicheka mimi. Baba yangu ana duka la dawa za mifugo Dongobesh, nimekulia humo humo. Ningepaswa kujua kwamba mtu wa huku lazima atachanganya."

Bura aliona kwamba kicheko kile hakikuwa na ubaya, akaegemea kiti.

"Sikiliza," alisema daktari. "Dawa ya kondoo imetengenezwa ichanganywe, na mwenye kiwanda ameandika kwenye chupa. Hii ya kwako imeshachanganywa hukohuko ilikotoka. Ukiongeza mafuta, kila ulichopaka ni mafuta, na dawa imekuwa kama chumvi ya chungu kimoja iliyomwagwa ziwani. Maana yake nini? Maana yake dawa haijashindwa. Hujaitumia bado."

Hujaitumia bado. Bura aliyarudia maneno hayo kichwani njiani kote, na hata leo akiyakumbuka anaona raha. Lakini pale pale kwenye kiti yalimpa ujasiri wa kusema kile alichokimeza mara ya kwanza. Akamweleza habari ya Lucia, ya siagi, ya kuinua mikono.

Daktari aliacha kuandika. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Watu walikuwa wengi nje."

"Siku zimebaki ngapi?"

"Kumi na sita."

Akafikiri. "Sitakudanganya baba. Ngozi ya viganja ni ngumu kuliko zote, na siku kumi na sita ni chache. Lakini tutajaribu kwa nguvu." Akampa dawa mbili safari hii. Ya kwanza ya kulainisha na kuondoa magamba, kwa sababu dawa haiwezi kupenya ukuta. Ya pili ile ya kutuliza, kali kidogo kuliko ya mwanzo, ya wiki mbili na zaidi kidogo, halafu watapunguza taratibu. Kwanza aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ajifute, apake. Mchana, baada ya kula, apake kisha avae soksi safi za pamba mikononi kwa saa moja au zaidi, ili dawa ikae.

"Soksi?"

"Glovu za pamba sina. Soksi zitafanya kazi ileile."

"Na mafuta ya kondoo?"

"Mafuta ya kondoo si adui. Paka yaliyo safi, yasiyochanganywa na kitu, nusu saa baada ya dawa. Ila hili kopo," alisema, akalifunika, "niachie mimi. Nitawaonyesha wanafunzi wangu."

Soksi zilizopatikana zilikuwa za Lucia za shule, nyeupe, zenye mstari wa bluu. Kila siku baada ya chakula cha mchana Bura alikaa ukutani kwenye jua, soksi mikononi, hawezi kushika chochote, hata nzi akitua puani anampuliza. Siku ya pili tu Tluway alipita.

"Mdogo wangu," alisema, "leo umekosea miguu?"

"Ni dawa, kaka."

"Naona. Na viatu utavaa wapi, masikioni?" Lakini hakuondoka. Alikaa naye kwenye jua, akamwelezea bei ya vitunguu na ugomvi wa mipaka wa watu wengine, na saa ilipoisha akamvua zile soksi mwenyewe, moja moja, akavitazama viganja.

Siku ya tano magamba yalianza kubanduka kwenye maji ya kuloweka, yakielea kama makapi. Siku ya nane Bura aliamka, akakunja ngumi kabla hajafikiri, na ngumi ikakunjika. Alikaa kitandani akiikunja na kuikunjua kama mtoto aliyegundua vidole. Hakumwita Gaudensia. Alitoka nje, akachukua kitunguu swaumu kimoja kwenye fungu lililokuwa linakaushwa, akakimenya, kipande kwa kipande, maji yakamtiririkia viganjani. Akangoja maumivu. Hayakuja. Akamenya kingine. Gaudensia alipotoka kuwasha moto alimkuta na bakuli zima la vitunguu vilivyomenywa, ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Na hivi vyote nitapika nini?"

"Chochote," alisema Bura.

Gaudensia alielewa. Alikaa kwenye kigoda, akauchukua mkono wa mume wake, akaushika pale kwenye mikunjo. Asubuhi hiyo moto ulichelewa kuwashwa.

Alipokwenda kumwambia Tluway, hakuwa na haja ya kusema mengi. Tluway alimwambia anyooshe mkono, akausugua kwa kidole chake kikubwa kama fundi anayekagua ubao. "Nilikuwa nimeshafanya mazoezi," alisema. "Nimempaka mbuzi wangu siagi mara mbili. Basi tena."

Jumamosi ya mwisho ya Agosti ilikuwa na baridi na ukungu mpaka saa tatu. Magari ya Katesh yalifika, watu wakashuka na nyimbo, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Viganja vya Bura vilikuwa na rangi ya ngozi mpya, vyekunduvyekundu, laini. Nyufa zilikuwa zimefunga. Lakini chini ya kidole gumba cha kulia lilibaki baka moja, ukubwa wa kifungo cha koti, lenye magamba membamba. Halikutaka kuondoka. Asubuhi hiyo alikuwa amelipaka dawa kama kawaida, akaona hata likibaki, limebaki moja.

Lucia alitolewa ndani, akapigishwa magoti kwenye ngozi ya kondoo. Alikuwa amesukwa nywele kwa ajili ya harusi, na alikuwa amemwambia msusi aache njia pana katikati, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Wengine walidhani ni mtindo mpya. Bura alipoiona njia ile alijua ni yake.

Akanawishwa. Akainua mikono.

Aliigeuza, mbele, nyuma, mbele. Mzee mmoja wa upande wa mume, Mzee Hhando, babu wa Joakimu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na fimbo yake. Macho yake bado yaliona mbali.

"Baba Lucia," alisema, bila ukali. "Hapo chini ya dole gumba pana nini?"

Watu wote waligeuka. Tluway alipiga hatua moja mbele, mdomo ameshaufungua, maana alimjua mdogo wake. Bura akamzuia kwa macho. Angeweza kushusha mkono. Badala yake aliusogeza karibu na yule mzee, auone vizuri.

"Ni ugonjwa wa ngozi, mzee," alisema. "Hauambukizi. Ninao mwaka wa tisa. Ulikuwa umejaa mikono yote miwili, nilikuwa siwezi kukunja ngumi. Napaka dawa ya hospitali asubuhi na jioni. Hauishi, lakini umetulia. Na unaweza kurudi nikiacha dawa. Nisiwafiche."

Hakuwa amewahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu kwa mara moja. Hata Gaudensia alimtazama kama mgeni.

Mzee Hhando aliuchukua ule mkono, akauleta karibu na macho, akalisugua baka kwa kidole chake kikavu, akalitazama, akauachia.

"Unauma?"

"Siku hizi hapana."

"Basi mpake mtoto," alisema mzee. "Safari ni ndefu, na padri hatatungoja."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikaondoa kitu kilichokuwa kimesimama hewani. Bura akachovya mkono kwenye siagi. Akachota nyingi mno, karibu nusu bakuli. Akaiweka kwenye paji la Lucia, akaivuta nyuma taratibu kwenye ile njia, kiganja chote kikigusa kichwa, mpaka kisogoni. Ilikuwa baridi, Lucia akajikunja mabega. Akarudi mbele, akavuta tena. Siagi ikaanza kushuka pembeni kwenye nywele zilizosukwa, ikaelekea kwenye kola ya gauni.

"Inatosha, baba Lucia," alinong'ona Gaudensia.

Hakuacha. Alivuta mara ya tatu, na ya nne, na wanawake wa Katesh wakaanza kupiga vigelegele na kusema kwamba baba huyu ameamua.

"Baba," alisema Lucia, macho ameyafumba, "inaingia machoni."

Bura akachuchumaa mbele yake, akamfuta nyusi kwa kidole gumba, pole pole, kushoto, halafu kulia.